Siti inashuka, fremu haifupiki: kuchagua mauntenbaiki inayokukaa mwilini

Swali: "Habari kaka fundi. Nakaa Kisasa hapa Dodoma, urefu wangu ni sm 160. Nataka kununua mauntenbaiki ya mtumba ya kufanyia mazoezi wikiendi, njia za vumbi za kwenda Ntyuka na siku nyingine Hombolo. Kwa muuzaji nimekuta mbili nimezipenda, moja ya tairi 26 imeandikwa 16 kwenye fremu, nyingine ya 29 imeandikwa 18. Muuzaji anasema zote zitanifaa tu, siti si inapanda na kushuka. Ila saivi natumia ya kaka yangu ambaye ni mrefu, na kila nikirudi goti linauma kwa mbele na vidole vinakufa ganzi, ndo maana naogopa kununua kitu kitakachonitesa. Nichague vipi, na nipime nini?"

Jibu: Nzuri dada, pole na goti. Jibu la haraka ni kwamba anza na ile ya 16, na ile ya 18 uiache mpaka vipimo vyenyewe vikuambie vingine. Sasa nieleze kwanini, kwasababu hiyo sentensi ya "siti inapanda na kushuka" naisikia kila siku na watu wengi wanatoka na baiskeli isiyo yao kwa ajili yake.

Siti kweli inapanda na kushuka, lakini siti inashughulika na miguu tu. Baiskeli inakugusa sehemu tatu, makalio, miguu na mikono, na umbali kati ya siti na pedeli ndo huo unaorekebishwa kwa spana moja na dakika mbili. Umbali kutoka kwenye siti kwenda kwenye usukani ni habari nyingine kabisa, huo umeshachomelewa kiwandani, unaweza kuuchokonoa sentimita tatu nne hivi kwa kubadilisha stemu (kile kipande kinachoshika usukani na kuufunga kwenye foku, ule uma wa tairi la mbele) lakini fremu yenyewe haifupiki hata uifanyeje. Kwahiyo unaponunua, unanunua urefu wa mbele. Urefu wa siti utauseti nyumbani.

Na hiyo namba, 16 au 18, usiipe heshima kubwa sana. Ni inchi za lile bomba la wima, kuanzia katikati ya ekseli ya krenki (krenki ni ile mikono inayobeba pedeli) mpaka mdomo wa bomba pale siti inapoingilia, yaani 16 ni kama sm 41 na 18 ni kama sm 46, wengine wanaandika kwa sentimita moja kwa moja, wengine wanaandika S, M, L. Tatizo ni kwamba kila kiwanda kina kipimo chake, wengine wanapima mpaka mwisho wa bomba, wengine wanaishia pale bomba la juu linapokutana nalo, na fremu za siku hizi bomba la juu limeinamishwa sana mpaka bomba la wima linakuwa fupi wakati mbele ni ndefu. Unaweza kukuta 17 mbili zimesimama pale pale kwa muuzaji na zinapishana sentimita nne kwa mbele. Tena kwa mtumba stika zimebanduka na nyingine zimepigwa rangi upya, ndo maana nakwambia nenda na futi ya fundi cherehani mfukoni, ile ya plastiki, inatosha kabisa.

Kabla ya kwenda kwa muuzaji jipime mwenyewe kwanza. Kimo chako cha 160 kinasaidia kidogo tu, kwasababu kuna watu wawili wa 160, mmoja kapewa miguu mirefu na kiwiliwili kifupi na mwingine kinyume chake, hawawezi kupanda baiskeli moja kwa mpangilio mmoja. Kinachotakiwa ni urefu wa mguu kwa ndani. Vua viatu, vaa bukta au taiti, simama mgongo umegusa ukuta, miguu iachane kama sentimita 15. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kipitishe katikati ya mapaja, ule upande uliogundishiwa karatasi uangalie juu na ubavu wa kitabu ulale kwenye ukuta ili kisipinde, alafu kivute juu mpaka kikubane vizuri, usione aibu, siti nayo itakubana hivyo hivyo. Mtu mwingine aweke alama ya penseli ukutani pale kitabu kilipoishia juu, alafu upime kutoka sakafuni mpaka kwenye alama. Rudia mara tatu maana mara ya kwanza watu huwa wanakivuta kwa huruma na kipimo kinatoka kifupi.

Tuseme umepata 73, ambayo kwa kimo chako ni ya kawaida. Hiyo 73 inakupa vitu viwili. Kwanza, nafasi ya kusimama, yaani mguu wako unavyolizidi bomba la juu la fremu. Ukiwa umevaa viatu vyako vya kuendeshea, panda fremu katikati, mbele ya siti, nyayo zote mbili ziwe chini kabisa, alafu nyanyua baiskeli juu mpaka bomba likuguse. Tairi ziondoke chini angalau sentimita tano, na kwa njia za huku kwetu mimi napenda zifike saba au zaidi. Hii nafasi siyo ya mapambo. Unashuka korongo kavu, tairi la mbele linazama kwenye mchanga, baiskeli inasimama ghafla na wewe unatua chini mbele ya siti, tena mguu mmoja mara nyingi unatua penye shimo. Kama bomba liko juu utaelewa hapo hapo nilikuwa nasema nini. Mwanamke au mwanaume, inauma vile vile na inajeruhi vile vile. Kama ile 29 ya 18 haikupi hizo sentimita tano, mjadala wake umeishia hapo, hata usipoteze muda kupima kingine.

Cha pili ni urefu wa siti wa kuanzia. Kuna hesabu moja maarufu ya kuzidisha urefu wa mguu kwa 0.883, ilienezwa na Mmarekani Greg LeMond, yule aliyechukua Tour de France 1986, 1989 na 1990, akiwa na kocha wake Mfaransa Cyrille Guimard. Jibu lake ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya krenki, pale krenki zinapozungukia, mpaka juu ya siti, ukifuata bomba la wima. Kwako 73 mara 0.883 ni kama 64.5. Ila hesabu hiyo ilitengenezewa baiskeli za mashindano ya lami, mtu anakaa amejikunja anakanyaga masaa matano bila kuinuka, sisi wa vumbi tunainuka na kukaa muda wote, kwahiyo punguza sentimita moja hivi uanzie 63.5. Ni mahali pa kuanzia tu, usiibebe kama sheria.

Namna ya kuhakiki bila hesabu ni kisigino. Jishikize ukutani ukiwa umekaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli, zungusha mpaka pedeli iende chini kabisa ikifuata mstari wa bomba la siti. Mguu unatakiwa unyooke, goti limefunga kabisa, ila nyonga isiyumbe upande. Ukirudisha mguu mahali pake pa kawaida, yaani ile sehemu pana ya unyayo nyuma ya vidole ndo ikae juu ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, kwa kitaalamu wanataka kati ya nyuzi 25 na 35. Alafu mwambie mtu akuangalie kwa nyuma unavyoendesha mita mia moja. Kama makalio yanapishana juu chini, kulia kushoto, siti imezidi, ishushe nusu sentimita.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu huku kwetu. Watu wengi tumejifunzia Phoenix, tena ya baba, na tumezoeshwa kwamba siti nzuri ni ile ukikaa miguu yote miwili inafika chini. Kwa mtu anayebeba madumu ya maji au gunia la mkaa na kusimama kila baada ya hatua kumi hiyo ni sawa kabisa. Kwa mazoezi ya masaa mawili haifai. Siti ikiwa chini hivyo, goti linakunjika sana kila mzunguko, kifuniko cha goti kinakandamizwa dhidi ya mfupa wa paja, na ndo hayo maumivu ya mbele unayoyasema. Mimi hata bila kuiona baiskeli ya kaka yako naweza kukwambia ulifanya nini, fremu ni kubwa, ukaogopa, ukashusha siti mpaka chini ili miguu ifike ardhini. Kwahiyo ukawa na baiskeli ndefu kwa mbele na fupi kwa miguu, mchanganyiko mbaya kuliko yote. Goti likikuuma kwa nyuma, kwenye mkunjo, hapo ni kinyume chake, siti iko juu mno. Kariri hiyo tu, mbele chini, nyuma juu, itakusaidia maisha yote ya baiskeli.

Ukisimama, kwenye baiskeli iliyosetiwa sawa utashuka kwenye siti na kukanyaga chini mbele yake, au utainamisha baiskeli upande ukanyage kwa ncha za mguu mmoja. Inachukua siku chache kuzoea na hofu inaisha.

Haya, urefu wa mbele sasa, ndo moyo wa jambo lenyewe. Kwa muuzaji, weka baiskeli wima kwenye sehemu tambarare. Shika futi katikati ya juu ya lile bomba fupi la mbele linaloshika foku, vuta kwa usawa kabisa wa ardhi (usifuate mteremko wa bomba la juu) mpaka ukutane na katikati ya paipu ya siti. Andika hiyo namba. Alafu pima stemu, kutoka katikati ya nati ya juu mpaka katikati ya usukani. Jumlisha. Kwa mtu wa kimo chako mimi naanzia fremu yenye urefu huo wa mbele wa sm 53 mpaka 56, na jumla yake na stemu iwe kwenye 61 mpaka 65 hivi. Fremu za 16 za miaka ya nyuma mara nyingi zinaangukia humo. Ile 18 ya tairi 29 sitashangaa ukikuta 58 mpaka 60, na kama ina stemu ya 9 au 10 unakuwa umeshafika 67 mpaka 70, mikono imenyooka kama mtu anayesukuma toroli, uzito wote umelala kwenye viganja, na vidole vinakufa ganzi kwa habari hiyo hiyo unayoijua.

Utaniuliza, si naweza kutoa stemu ya 9 nikaweka ya 5? Unaweza, na namba zitalingana kabisa kwenye karatasi. Na kuna baiskeli mpya mpya zimetengenezwa hivyo toka kiwandani, fremu ndefu, stemu fupi ya 4 au 5, usukani mpana, na zinatembea vizuri sana kwenye mteremko. Kwahiyo kama hiyo 29 ni ya aina hiyo na bomba la juu limeshuka vya kutosha, ipime kwa haki, jumla yake ndo iamue. Lakini kama ni fremu ya zamani iliyopigiwa hesabu ya stemu ndefu, ukiifupisha sana usukani unakuwa mwepesi wa kushtuka, na kwa mtu mfupi tairi la 29 linanyanyua mbele mpaka usukani unapita juu ya siti kwa mbali. Kwenye lami hutaona shida. Panda nayo kile kipande chenye mawe cha kuelekea Ntyuka, tairi la mbele linaanza kutangatanga, kulia, kushoto, linataka kunyanyuka, unalazimika kulala juu ya usukani ili ulishikilie chini na mgongo unalipa gharama yake. Stemu ni ya kumalizia sentimita chache za mwisho. Ukitaka itibu fremu nzima inashindwa.

Na ukiwa katikati ya saizi mbili chukua ndogo. Hii ni kauli yangu na naisimamia. Ndogo unairefusha, paipu ya siti ndefu zaidi, stemu ndefu kidogo, siti irudi nyuma kidogo, imeisha. Kubwa haina pa kupunguzia. Watu warefu wa 185 na kuendelea ndo wanatakiwa waangalie sana upande wa pili, maana kwao paipu ya siti inavutwa mpaka inavuka ile alama ya MIN iliyochorwa kwenye paipu, na hapo paipu inaweza kukatika au kupasua fremu. Ile alama isionekane kabisa nje ya fremu, iwe imezama ndani, kwa mtu yeyote yule.

Sasa tuseme umeshainunua ile ya 16 na iko nyumbani. Seti siti kwanza kwa urefu, kama nilivyosema. Alafu mbele nyuma. Funga nati kwenye uzi, kaa kwenye siti ukiwa umejishikiza, pedeli ziwe usawa mmoja mbele mmoja nyuma, ning'iniza uzi kutoka chini ya kifuniko cha goti la mbele, nati iangukie karibu na ekseli ya ile pedeli. Ikipita mbele sana rudisha siti nyuma kwenye reli zake, ikibaki nyuma sana sogeza mbele. Kuna wataalamu wanabishia hiki kipimo na wana hoja, hakina sayansi nzito nyuma yake, ila kwa mtu anayeanza kinakuweka karibu na ukweli. Usije tu ukaisukuma siti mbele ili kufikia usukani, hapo unaharibu miguu ili kuponya mikono. Ubapa wa siti uwe sambamba na ardhi. Wadada wengi wakisikia siti inabana kwa mbele wanainamisha pua chini sana, alafu wanateleza mbele safari nzima, wanajizuia kwa mikono, ganzi inarudi. Ukiinamisha iwe kidogo mno.

Kama siti yenyewe inauma, mara nyingi shida ni upana wake, wala usikimbilie sponji. Chukua kipande cha boksi lile lenye mawimbi ndani, kiweke kwenye ngazi au kiti kigumu, kikalie dakika moja huku umenyanyua magoti kidogo, ukiinuka utaona au utapapasa mashimo mawili ya mifupa ya makalio. Pima katikati kwa katikati. Ukipata 12, siti ya upana wa 14 mpaka 15 pale nyuma itakubeba kwenye mifupa badala ya kukubeba kwenye nyama laini. Kwa wastani wanawake ni wapana kidogo hapo kuliko wanaume, na mitumba mingi inakuja na siti nyembamba za kiume, kwahiyo hii pesa ya siti iweke kwenye bajeti yako toka mwanzo. Lile siti nene la jeli linalobonyea ni tamu dakika kumi tu, baada ya hapo mifupa inazama na sponji linapanda pale pasipotakiwa.

Usukani. Mauntenbaiki za sasa zinakuja na usukani wa sm 74, 76, hata 80, kwa mabega ya mtu wa 160 huo ni mpana, unafungua mikono mpaka bega linachoka. Kwako 68 mpaka 72 ni sehemu nzuri. Lakini kabla hujamruhusu fundi apitishe msumeno, legeza gripu na breki, zisogeze ndani sentimita moja kila upande, acha ncha za usukani zibaki nje, endesha siku kadhaa. Ukiona nafuu ndo ukate. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Breki nazo. Watu wenye viganja vidogo wanateseka na breki na hawajui kwamba kuna dawa, kwenye mkono wa breki kuna skrubu ndogo sana, nyingine ya bisbisi na nyingine ya spana ndogo ya L ya milimita 2 au 2.5, ukiizungusha mkono wa breki unasogea karibu na gripu. Isogeze mpaka kidole cha shahada na cha kati vinaukunja bila kiganja kuhama. Alafu geuza breki zote kuelekea chini kiasi kwamba ukikaa na kunyoosha vidole, mkono kuanzia kiwiko mpaka vidole ni mstari mmoja, kifundo hakijapinda. Breki zilizonyooka mbele kabisa zinakunja kifundo juu, na ule mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja upande wa kidole kidogo unakandamizwa. Ni vidole vipi vinakufa ganzi kwako? Kama ni cha mwisho na kile cha pete, ni huo mshipa, na dawa yake ni kupunguza uzito mikononi na kunyoosha kifundo. Viwiko navyo vibaki vimelegea, vimekunjika kidogo.

Sehemu ya ganzi nyingine inatoka kwenye upepo wa tairi, hili watu hawaliweki kwenye habari za kukaa vizuri na mimi naliweka. Huku miiba ni mingi, ya migunga na ile mbigili inayotambaa chini, kwahiyo watu wanajaza upepo tairi mpaka linakuwa gumu kabisa wakiamini mwiba hautaingia. Mwiba unaingia vile vile. Unachopata ni kila kijiwe na kila kikunyanzi cha barabara ya vumbi kupanda moja kwa moja mpaka mabegani. Mtu wa kilo 60 hivi mwenye tairi pana la inchi 2.1 lenye tyubu, anzia psi 30, nyuma ongeza mbili tatu, mbele punguza kidogo. Ukibonyeza kwa gumba tairi likubali kidogo. Usishuke chini sana maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu. Kwa miiba weka gundi ya kuziba ndani ya tyubu na ubebe viraka.

Tukiwa kwenye tairi, angalia namba ubavuni kabla hujalipa. Tairi ya 26 ya mauntenbaiki ina namba 559, ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Zile baiskeli za kikapu za mtumba kutoka Japani nyingi nazo zinaandikwa 26 ila ni 26 x 1 3/8, namba yake 590, tairi zake haziingiliani na za mauntenbaiki kabisa, na 28 ya Phoenix ni 635, haiingii kwenye rimu ya 29. Kwa mtu anayekaa Dodoma na kupenda kwenda Hombolo siku moja moja, tairi la 26 ambalo hata duka dogo la spea linalo tyubu yake ni jambo la maana. Hiyo nayo ni pointi kwa ile ya 16.

Krenki usihangaike nazo sana. Nyuma ya mkono wa pedeli kumechapwa namba, 165, 170 au 175, ni milimita. Kwako 165 au 170 ni nzuri. Ukikuta 175 usiikatae baiskeli kwa ajili hiyo, ila ukipata siku moja za kubadilisha, goti litakushukuru, kwasababu krenki ndefu inalikunja goti zaidi pale juu.

Kama kuna kuinua au kushusha usukani, angalia kwanza ni stemu ya aina gani. Ile ya zamani inayozama ndani ya bomba la foku unalegeza nati ya juu mizunguko michache, unaigonga kidogo na nyundo ya mpira au kipande cha mbao, inaachia, unaivuta, na yenyewe ina alama ya MIN, iheshimu. Ile ya kisasa inayobana kwa nje ina pete pete chini yake, urefu unapatikana kwa kuhamisha pete kutoka juu kwenda chini au kuigeuza stemu juu chini. Kwenye kufunga hii ya kisasa, nati ya juu ya kofia inakaza beringi tu, kaza mpaka foku isicheze lakini usukani uzunguke laini, alafu ndo ukaze zile za pembeni. Mafundi wengi wanaanza na za pembeni, kofia inakazwa bure, na baada ya wiki mbele kunagonga. Ukinunua stemu nyingine nenda na ya zamani mkononi, kwasababu mdomo wa usukani uko wa milimita 25.4 na wa 31.8 na haviazimani.

Ukishaseti vyote, zungusha solotepu nyeusi kwenye paipu ya siti pale inapoingia kwenye fremu. Kwenye mteremko mkali utataka kushusha siti sentimita tatu mpaka tano ili mwili upate pa kwenda nyuma, na ukifika chini unairudisha kwenye alama bila kubahatisha. Alafu badilisha kitu kimoja kwa wakati, nusu sentimita, endesha mara mbili tatu ndo uhukumu. Ukigusa siti, stemu na breki siku moja hutajua ni kipi kilichokuponya au kukuumiza.

Jambo la mwisho ni pale kwa muuzaji. Usikubali kuizungusha kwenye kivuli cha duka tu. Vaa suruali na viatu vya kufunga, mwombe akusetie siti kwa kisigino, uache kitambulisho chako, uende mpaka upate kimwinuko na kipande cha mchanga, dakika 15 hivi. Kwenye mwinuko kaa kwenye siti na usikilize kama mbele kunatulia. Kwenye mchanga simama kwenye pedeli uone kama magoti yanagonga usukani, yakigonga fremu ni fupi mno. Kwenye tambarare achia vidole uvicheze juu ya gripu kama unapiga kinanda, kama huwezi kwasababu utaanguka mbele, basi mbele ni mbali. Muuzaji anayekataa hata hilo muache, baiskeli za mtumba zinaingia kila mara.

Goti lenyewe, kama ukiinua siti na kupumzika wiki mbili tatu bado linauma, au linavimba, hapo siyo suala la baiskeli tena, nenda hospitali lipimwe. Na katika hizo wiki tumia gia nyepesi, miguu izunguke haraka bila kusukuma kwa nguvu. Ukishajipima na kitabu niandikie namba tatu, urefu wa mguu, urefu wa fremu na urefu wa stemu kwa kila baiskeli, ntakwambia stemu ya ngapi ya kutafuta kabla hujatoa hela.